Kabla hujaitupa albamu ya uzeeni ya bendi uliyokua nayo

Jumamosi iliyopita tumebishana tena kuhusu Metallica, ile bendi ya metali ya Marekani, nyumbani kwa mshkaji wangu Tabata, tumeanza saa kumi jioni tukaja kuachana saa tano usiku na hakuna aliyekubali kushindwa. Njiani narudi nikawa nawaza, hawa jamaa wana kazi nzuri kibao ambazo sisi mashabiki tulizitupa kwa sababu ambazo hata hazihusiani na muziki. So naandika haya kwa yeyote mwenye bendi aliyoipenda toka utotoni afu ikafika umri fulani ikaanza kufanya vitu ambavyo havieleweki, mi yamenikuta na nimepoteza miaka mingi.

Mi napiga besi. Nalisema hilo mapema maana ndo lililokuja kunizibua masikio.

Metallica niliijua kwa kaseti aliyorekodi kaka yangu, upande mmoja Master of Puppets ya 1986, upande wa pili nusu ya ile albamu nyeusi ya 1991, tukaisikiliza mpaka ikaanza kuvuta. Ilipotoka St. Anger mwaka 2003 nikajichanga nikanunua sidi, nikaweka, na wimbo wa kwanza tu nikadhani redio imeharibika. Snea, yani ile ngoma ndogo ya drams, inalia kama mtu anagonga sufuria tupu, maana Lars Ulrich, mpiga drams wao, alikuwa anapiga huku zile nyaya za chini zimelegezwa, hazigusi ngozi. Nyimbo 11, dakika 75, na hakuna solo ya gitaa hata moja, bendi ambayo ina Kirk Hammett, fundi wa solo! Nikavumilia wiki mbili afu sidi nikamgawia mtu. Na kwa miaka kama saba hivi kila ikitajwa nilikuwa nasema neno moja tu, wamekwisha.

Sasa kilichonibadilisha. Nilipiga miaka kadhaa kwenye bendi ya hotelini, kila Ijumaa, kazi yetu kupiga kopi za zilipendwa, na ukipiga zilipendwa miaka minne mfululizo vidole vinacheza vyenyewe wewe unawaza kodi ya nyumba. Ijumaa moja kiongozi wetu akasema wimbo fulani leo tuutoe tarumbeta, tuupunguze mwendo, besi ianze peke yake. Nikaanza. Nakuambia tulipiga vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kupanda jukwaani, nywele zilinisimama. Tulipomaliza akaja mzee mmoja, huwa anakuja na mkewe kila wiki, nikamwamkia shikamoo akaitika marahaba afu akanishika mkono akasema, mwanangu, huo wimbo mi nilicheza siku ya harusi yangu, msiuguse. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa ameumia. Nikamwomba radhi, na Ijumaa iliyofuata tukarudisha tarumbeta zake.

Sikulala usiku ule. Mzee alikuwa na haki na sisi tulikuwa na haki. Nikajiona mi mwenyewe nimesimama mbele ya Metallica miaka saba nawaambia msiuguse.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujahukumu jiulize walikuwa wanapitia nini mle studio. Jason Newsted, mpiga besi wao wa miaka 14, aliondoka Januari 2001. Mwaka huohuo James Hetfield, mwimbaji wao, akaenda kutibiwa ulevi na kazi ikasimama miezi na miezi, na aliporudi aliruhusiwa kufanya kazi masaa manne tu kwa siku, saa sita mchana mpaka saa kumi. Besi kwenye albamu nzima imepigwa na prodyuza, Bob Rock, kwa sababu nafasi haikuwa na mwenyewe. Hayo yote yapo kwenye ile filamu yao ya 2004, Some Kind of Monster, itafute, inauma kuitazama. Nilipoisikiliza upya nikiwa najua haya nikasikia watu wanaojaribu kutovunjika. Na bado nasema nyimbo ni ndefu mno! Kuelewa kazi hakukulazimishi kuipenda, nyimbo kama nne pale zingekatwa nusu na hakuna ambacho kingepotea.

Hapo ndo penye jambo la pili, na kwangu ndo kubwa zaidi. Kuna "sijaipenda", kuna "ni mbovu", na kuna "wametusaliti", sisi tunazichanganya zote tatu kwenye sentensi moja na ndo maana mabishano hayaishi. Sijaipenda ni habari yako wewe. Ni mbovu, hapo nionyeshe wapi, wimbo gani, dakika ya ngapi, nini kilitakiwa kiwepo hakipo. Wametusaliti... walikuahidi nini? Load ya 1996 watu waliichukia kabla hawajaisikia kisa jamaa wamekata nywele, nywele jamani, wakati mle ndani kuna Mama Said, Hetfield anamwimbia mama yake aliyefariki yeye akiwa na miaka 16, gitaa zimelegea kama za kantri. Ule wimbo mi nimekuja kuuskiliza vizuri nikiwa na zaidi ya miaka thelathini.

Afu tukumbuke na historia, maana mashabiki tuna kawaida ya kusahau. Ride the Lightning ya 1984 leo ni msahafu, ila enzi hizo kuna waliowaita wasaliti kwa sababu Fade to Black ilianza na gitaa kavu na mwendo wa pole. Mwaka 1989 wakatoa video yao ya kwanza, ya One, wakalaumiwa, kwa sababu bendi ilijulikana kwa kutofanya video. Albamu nyeusi walipopunguza spidi wakalaumiwa tena, na ndo hiyo imeuza Marekani peke yake zaidi ya kopi milioni 16. Na ile ...And Justice for All ya 1988 ambayo wazee wa kijiweni wanaiapia, naomba mtu anionyeshe besi iko wapi. Kijana wa watu Newsted kaingia kwenye viatu vya Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia, aliyefariki kwa ajali ya basi Sweden Septemba 1986, anapiga albamu yake nzima ya kwanza na bendi, afu kwenye mixi, pale wanapochanganya sauti, wamemshusha mpaka hasikiki. Mi hilo kama mpiga besi sijawahi kulisamehe, na ni kosa la enzi za dhahabu wala si la uzeeni. So usiniambie zamani hawakukosea.

Lulu sasa. Ile albamu ya 2011 waliyofanya na Lou Reed, mwanamuziki mkongwe wa roki. Hii ndo iliyotugombanisha Tabata. Lou Reed haimbi, anasema, maneno yametoka kwenye tamthilia za Mjerumani Frank Wedekind, bendi nyuma inanguruma, jumla kama dakika 87. Mi mara ya kwanza nilizima wimbo wa pili. Mara ya pili pia. Mjane wake Lou Reed, Laurie Anderson, alikuja kusema mwaka 2015 kwamba David Bowie alimwambia hiyo ndo kazi kubwa kuliko zote za mumewe na kwamba watu watachukua muda kuifikia. Mi sijafika bado, ila wimbo wa mwisho, Junior Dad, dakika zaidi ya 19, ulinikuta usiku mmoja umeme umekatika, niko na hedfoni gizani, nikatulia mpaka mwisho. Mshkaji wangu anasema ni kelele. Nilimuuliza umeusikiliza wote? Kanyamaza. Basi ukibishana na mtu anza na hilo swali, utaokoa masaa.

Na namna ya kusikiliza, kwa uzoefu wangu: usitumie spika ya simu, hasa hizi albamu zenye sauti ngumu, St. Anger kwenye simu ni mateso tupu. Death Magnetic ya 2008 hata kwenye spika nzuri sauti imesukumwa mpaka inapasuka, hapo malalamiko ya watu mi naunga mkono kabisa. Sikiliza mara tatu siku tofauti. Usiweke ya zamani kwanza "kulinganisha", masikio yatashika ya zamani tu. Na usimwanzishie mgeni Lulu, tafadhali, utampoteza mtu.

Kitu kingine, waache wazee wazeeke. Albamu ya 72 Seasons ilitoka Aprili 2023, Hetfield na Ulrich wote walikuwa na miaka 59, na jina lenyewe ni misimu 72, minne kwa mwaka, yani miaka 18 ya mwanzo ya maisha ya mtu. Watu wazima wanageuka kutazama utoto wao, wewe unalalamika hawana hasira za mwaka 1983 walipotoa albamu ya kwanza. Na kwenye ziara ya albamu hiyo kwenye miji mingi walikuwa wanapiga siku mbili bila kurudia wimbo hata mmoja! Sisi hotelini tulibadilisha wimbo mmoja tukaomba radhi.

Ukitaka kuanza leo anza na Inamorata, ya mwisho kwenye hiyo 72 Seasons, dakika 11, wimbo mrefu kuliko wote waliowahi kuuandika wenyewe. Kaa chini, zima simu. Katikati pale gitaa zinanyamaza, besi ya Robert Trujillo inabaki karibu peke yake, inatembea polepole, na wenzake wanarudi mmoja mmoja.