Jibu: Nifunge vyumba vya wageni Kigamboni wakati wa masika?

Ndugu, umeuliza kama ufunge vyumba vyote 6 mpaka Juni. Usifunge vyote. Viwili pangisha kwa mwezi, umeme wa LUKU wapangaji wajinunulie wenyewe.

Hivyo 4 vilivyobaki, vya wageni wa usiku, ndivyo vyenye kazi ya kutunza vikikaa bila mgeni. Chumba kikifungwa masika, unyevu huotesha ukungu nyuma ya kabati na kwenye magodoro. Yasimamishe wima, yasiguse ukuta, acha kabati wazi, na siku isiyo na mvua fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Bafuni, mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafu kila wiki. Maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya tundu yakikauka, harufu ya shimo la maji taka hupanda, na mende nao.

Akija mgeni wa usiku kwenye hivyo 4, bei shusha, ila isizidiwe na gharama za dobi, usafi na kamisheni ya anayekuletea wageni.