Bendi ya mita 20 kutoka uani: waya wa kulala au wa kusimama?

Msomaji wa Bagamoyo ana ua wa mita 12 kwa 15, nyumba ya mabati na mnazi mmoja. Anataka kufika Ulaya na Japani kwa redio ya ridhaa, kwenye bendi ya mita 20 (masafa ya karibu 14 MHz): atundike dipoli, yaani waya wa kulala unaolishwa katikati, au asimamishe antena ya wima?

Wengi huanza na bei. Anza na kimo. Dipoli ya 14.2 MHz ina urefu wa mita 10.07 (143 gawa kwa masafa ya MHz), mita 5.03 kila upande, na hufika mbali ikiinuliwa kama mita 10. Ukiifunga mita 4 juu ya bati, nguvu nyingi inapanda utosini, na mara nyingi inatoboa anga isirudi. Tena ncha zake hazisikii: waya ukinyooshwa mashariki–magharibi itapata Ulaya, lakini Japani itafifia.

Kwake yeye, basi, ni ya wima. Mwanzi mkavu wa mita 6, mbali na mnazi, waya wa mita 5.03 ukipanda juu yake. Anza na urefu huo au zaidi kidogo, kisha punguza sentimita mbili mbili; waya wenye ganda la plastiki huishia mfupi kwa kama asilimia 3. Chini tandaza nyaya 16 za mita 5 kila upande, uzibane na misumari iliyokunjwa.

Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Wanaweka nyaya nne, kipimo cha SWR (jinsi antena inavyolingana na kebo) kinasoma 1:1, wanashangilia. Antena ya wima kama hii, yenye urefu wa robo ya wimbi, juu ya ardhi nzuri ina omu 36 hivi, na kebo ni ya omu 50, kwa hiyo SWR yake ni karibu 1.4. Ile 1:1 yako imefika omu 50 kwa kuongezewa omu 14 za udongo unaopashwa moto! Ongeza nyaya, SWR ipande kidogo, na usiogope.

Kebo ya RG-58 inayotoka kwenye redio izungushe mara 10 hadi 12 kwenye pete ya feraiti (kauri ya sumaku) aina ya FT240-31, palepale chini ya antena, la sivyo kebo nayo itageuka antena. Kelele za taa za LED za jirani utazisikia zaidi kuliko kwa dipoli. Hiyo ndiyo gharama yake. Ila ukiweza kuisogeza ufukweni, maji ya chumvi yatakufanyia kazi ambayo nyaya mia haziwezi.

Chumvi hiyohiyo hula viungo. Lehemu, funga kwa mkanda wa mpira, na baada ya masika fungua utazame: shaba ikiwa imegeuka kijani, kata kebo nyuma mpaka shaba ing'ae.