Kibodi ya kwenye skrini itajuaje kwamba mteja anataka kuandika?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza kibodi ya kwenye skrini kwa ajili ya kompyuta ya kugusa katika duka la pembejeo hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambako vumbi la mbolea huharibu kibodi za kawaida. Nataka ijitokeze yenyewe mteja anapogusa sehemu ya kuandikia. Kila nusu sekunde programu yangu huiuliza Windows, kwa GetGUIThreadInfo, kama kuna kile kistari kinachowaka na kuzima. Kwenye Notepad inafanya kazi, lakini kwenye Chrome na kwenye programu yetu ya stoo, iliyoandikwa kwa Java Swing, haioni chochote. Tatizo ni nini?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, kistari unachokitafuta ni kile ambacho programu imeiomba Windows iichoree. Chrome na Java Swing huchora cha kwao wenyewe ndani ya dirisha moja kubwa, kwa hiyo Windows haina habari nacho, na hata ukiuliza mara mia kwa sekunde jibu halitabadilika.

Achana na kuuliza kila mara, omba uarifiwe. Tumia UI Automation, njia ya Windows ya kuijulisha programu moja kilichomo katika madirisha ya nyingine, ambayo ilikuja na Windows Vista na hutumiwa na programu za kuwasomea skrini wasioona. Jiandikishe kwa AddFocusChangedEventHandler, nawe utaletewa kila kitu kinachochaguliwa pamoja na aina yake. Aina ya Edit ni sehemu ya kuandikia, lakini Document inaweza kuwa ukurasa wa kusomwa tu, kwa hiyo kagua pia IsReadOnly, inayosema kama ni ya kusomwa tu, kabla ya kuifungua kibodi. Ukikuta IsPassword ni kweli, yaani ni sehemu ya nenosiri, kibodi ifunguke, ila usiioneshe kwa ukubwa herufi iliyobonyezwa, kwa sababu dukani kuna macho mengi.

Chrome huandaa taarifa hizi pale tu inapotambua kwamba zinahitajika; ikikaa kimya, ifungue kwa amri yenye nyongeza ya --force-renderer-accessibility. Java Swing haizungumzi na UI Automation kabisa. Hapo washa Java Access Bridge, daraja la Java lenyewe la kutoa taarifa kama hizo, kwa amri ya jabswitch -enable, kisha utumie njia zake yenyewe za kupokea taarifa.

Jambo linalowasumbua wengi zaidi ni dirisha la kibodi yenyewe. Mteja akigusa herufi M, dirisha hilo likikubali kuwa ndilo linalotumika, sehemu aliyokuwa akiandika huachwa, programu yako hudhani amemaliza, kibodi hujificha, na herufi haifiki popote. Lipe dirisha hilo WS_EX_NOACTIVATE, alama inayolizuia lisichukue nafasi hiyo linapoguswa, kisha tuma herufi kwa SendInput, njia ya Windows ya kutuma vibonyezo vya kibodi. Kumbuka kwamba herufi hizo hazitaingia katika programu iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi ikiwa kibodi yako haina mamlaka hayo. Windows huzizuia kwa makusudi, na ninaona ni sawa ifanye hivyo.

Usiifiche kibodi papo hapo sehemu inapoachwa. Subiri kidogo, kwa sababu mteja anayehama kutoka jina kwenda namba ya simu huweza kupita kwenye kitu kingine katikati, na kibodi inayoruka juu na chini humchosha mtu. Vilevile, mteja akiifunga kwa mkono kisha akagusa sehemu ileile, hakuna taarifa mpya itakayokuja, maana hakuna kilichobadilika; kwa ajili yake fuatilia pia mguso wenyewe, au weka kitufe kidogo pembeni mwa skrini cha kuirudisha.