Ukisasisha saa janja, pitia taima kabla ya kuwasha jiko

Saa yangu ikishapokea sasisho jipya, kitu cha kwanza ninachokikagua si rangi wala sura mpya za saa. Ni taima. Naoka mikate ya oda nyumbani kwangu Tanga, na siku ya kazi saa ya mkononi ndiyo inayoniambia unga umeumuka, mkate wa kuteremshwa ni upi, na maharage yanataka kuongezwa maji. Ushauri wangu kwa mwenye kazi ya namna hii ni mmoja: usisasishe saa siku ya oda, na ukishaisasisha usiiachie sufuria iliyo motoni mpaka umepitia taima zake kwa kidole chako mwenyewe, hatua kwa hatua, jiko likiwa limezimwa.

Mimi navaa Apple Watch, kwa hiyo nitaizungumzia hiyo. Ili isasishwe, lazima iwe kwenye chaji, betri ifike angalau asilimia 50, na ukiisasisha kupitia simu, simu hiyo iwe karibu na iwe imeunganishwa na Wi-Fi. Kazi hiyo huchukua muda, na muda wote huo saa haipimi chochote. Huwa naisasisha usiku, tena usiku ambao kesho yake sina mteja.

Kwa nini nisisitize hivyo? Kwa sababu mtu aliyezoea saa haiangalii, vidole vinakwenda vyenyewe. Mwaka 2023 lilipokuja toleo la watchOS 10 (watchOS ni programu inayoiendesha saa hii), kazi za vitufe zilihama. Kabla ya hapo ulitelezesha kidole kutoka chini kwenda juu ukapata vidhibiti, na kitufe cha pembeni kilikuletea programu unazozitumia. Sasa kitufe cha pembeni ndicho kinachofungua vidhibiti. Programu ulizotoka kuzitumia unazipata kwa kubonyeza mara mbili kile kitufe cha mviringo cha kuzungusha (Digital Crown), na ukikizungusha ukiwa kwenye uso wa saa, linatokea rundo la wijeti, yaani vijisanduku vya taarifa. Ni mpangilio mzuri ukishauzoea, lakini kuuzoea kunahitaji utulivu, na utulivu haupatikani huku kitunguu kinakaribia kuungua.

Dawa niliyoiona inafaa kuliko zote ni kuiweka alama ya taima kwenye uso wa saa wenyewe. Shikilia kidole kwenye uso wa saa mpaka upate nafasi ya kuuhariri, nenda kwenye sehemu za vialama, chagua taima, basi. Kuanzia hapo mguso mmoja unakufikisha, hata vitufe vihame vipi. Baada ya kila sasisho hakikisha alama hiyo bado ipo na bado inafungua kile unachokitaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila mpishi alijue. Tangu watchOS 8, mwaka 2021, saa hii inaweza kuendesha taima nyingi kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo ilikuwa moja tu. Wengi niliokutana nao bado wanaweka moja, ikilia wanaweka nyingine, na hesabu ya katikati wanaibeba kichwani. Hapana, ziache taima zote ziende pamoja.

Chukua mkate wa kumimina. Mchele umelala kwenye maji usiku kucha, umesagwa na tui, hamira, sukari na iliki, na sasa umefunikwa uumuke. Kwangu unachukua kama saa nzima, na joto la Tanga likiwa kali unawahi zaidi. Ukijaa mapovu unaumimina kwenye sufuria yenye mafuta yaliyopata moto, uive chini kwa moto mdogo, kisha unatia makaa juu ya mfuniko ili na uso wake uive. Hapo tayari una muda wa aina tatu kwa mkate mmoja. Nikiwa na sufuria mbili, moja inaiva chini na nyingine inaiva juu, na pembeni kuna bakuli la tatu linaloumuka. Saa ikitetemeka, binti wa dada yangu anayenisaidia ananiuliza, "Mama mdogo, hiyo ya sufuria ipi?" Swali hilo linatakiwa kujibiwa na saa, si na kumbukumbu yangu.

Ndiyo maana taima inahitaji jina. Njia nyepesi ya kuipa jina ni kusema na Siri, msaidizi wa sauti wa Apple. Siri hana Kiswahili, kwa hiyo agizo linakwenda kwa Kiingereza: "Set a twenty minute bread timer." Taima inaanza ikiwa na jina lake, na ikilia unaona jina hilo kwenye kioo. Tumia majina mafupi ya Kiingereza ambayo binti au kijana unayefanya naye kazi anayajua. Ukisema "mkate" katikati ya Kiingereza, yatakayoandikwa huenda hata wewe usiyatambue. Na kila ukishasema, tupa jicho kwenye kioo usome tarakimu: "fifteen" na "fifty" zinakaribiana sana masikioni, hasa feni inapovuma, na tofauti yake ni mkate mzima.

Kuna jambo jingine kuhusu sauti. Apple Watch za Series 9 na Ultra 2, zilizotoka 2023, zinaweza kupokea agizo la taima ndani ya saa yenyewe bila intaneti. Saa za kabla yake zinategemea mtandao ili Siri akuelewe. Kwa hiyo bando likiisha, au Wi-Fi ikikatika pamoja na umeme, rudi kwenye kidole: fungua taima, panda juu kabisa, gusa alama ya kuongeza, kisha panga saa, dakika na sekunde kwa kitufe cha kuzungusha. Jizoeze njia hii pia siku ile ile ya kusasisha. Ukiweka taima kwa kidole, zipe muda usiofanana, hata kwa dakika moja, 20 na 21, ili usizichanganye kwenye orodha.

Jaribu mlio. Weka taima ya dakika moja, acha mkono ufanye kazi zake, uone kama unaihisi. Saa ikiwa kimya na iko mkononi, taima inatetemeka tu. Ikiwa kwenye chaji, inalia hata kama umeiweka kimya, jambo ambalo wenye kuiacha chumbani mtoto amelala wanapaswa kulijua. Kwenye mipangilio ya sauti na mitetemo kuna chaguo la mtetemo wenye nguvu zaidi. Mimi nimeliwasha, maana mkono unaokanda unga hausikii mtetemo mwepesi.

Halafu kuna ishara za mkono, na hapa lazima uamue kulingana na kazi yako. Tangu watchOS 10.1, kwenye Series 9 na Ultra 2, unaweza kugonganisha kidole gumba na cha shahada mara mbili ukasimamisha taima bila kugusa kioo. Kwa mikono iliyojaa unga hii ni neema, naitumia kila siku. Mwaka 2025 majina ya matoleo yaliruka kutoka 11 hadi watchOS 26, na toleo hilo likaleta ishara nyingine: kupindua kifundo cha mkono kwa haraka na kukirudisha, ambako pamoja na mengine kunanyamazisha taima inayolia. Kwa mtu wa ofisini ni nzuri. Kwa anayegeuza chapati, kukoroga ugali na kupeta mchele, mkono unapinduka kutwa. Nimeizima kwenye mipangilio ya ishara, na ningemshauri mpishi yeyote aizime mpaka ajue mkono wake unakwendaje.

Maji nayo. Matone yakigusa kioo yanaweza kubonyeza visivyotakiwa, kwa hiyo kabla ya kuosha mchele au samaki fungua vidhibiti, gusa alama ya tone, kioo kitafungwa. Taima zinaendelea kuhesabu. Kukifungua, shikilia kitufe cha kuzungusha. Zamani ulikuwa unakizungusha, kwa hiyo aliyeruka matoleo kadhaa asishangae kuona kuzungusha hakufungui.

Mtu ataniuliza kwa nini nisiweke kengele tu. Kengele inataka saa ya ukutani. Mteja anasema atapitia saa nne, kioo kinaandika 10:00, na mwenye haraka anaweza kukosea kwa saa sita. Dakika 35 ni dakika 35 popote. Kengele naiachia kuamka alfajiri na kuwasha makaa.

Kama saa yako ni zile za bei nafuu, huenda ina taima moja tu. Ipe kile kinachoungua haraka kuliko vyote, na vingine viwekee taima kwenye simu. Simu nyingi za sasa zinakubali taima kadhaa, na za iPhone zinakubali tangu iOS 17 ya mwaka 2023. Kumbuka tu kwamba taima ya simu na ya saa ni vitu viwili: ukisimamisha moja usidhani umesimamisha na nyingine. Simu iweke kwenye rafu, mbali na mvuke, kioo kikiangalia upande uliopo wewe.