“Ile hela itume kwenye namba hii”: hela ipi?

Kaka, nilipata meseji: “Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu.” Siku hiyo nilikuwa namtumia mwenye nyumba kodi, nikatuma. Walijuaje? (Msomaji, Tabata)

Pole sana, dada. Hawakujua. Meseji ile ile hurushwa kwa watu wengi wasiojulikana. Isome tena: haikutaji jina, haisemi ni shilingi ngapi wala za nini. Mjini hapa kila mtu ana “ile hela” yake: kodi, ada, mchezo wa kina mama. Lazima itamkuta mmoja aliyekwisha fungua menyu ya kutuma.

Kinachoniuma zaidi ni hayo maneno “jina litakuja”. Simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri ili ushtuke ukiona geni. Tapeli amekuwahi kukwambia litakuja la mtu mwingine, basi ukiliona unatulia. Likitokea tena, mpigie mwenye nyumba kwa namba yake uliyoihifadhi zamani. Ukishatuma kwa makosa, piga 100 papo hapo. Hela isipotolewa kwa wakala, bado kuna nafasi ya kuizuia.

Meseji imesema nimepokea 80,000, mara kijana akapiga analia kwamba amekosea namba, nimrudishie. (Dodoma)

Usirudishe kitu. Tazama imetoka wapi: meseji ya kweli huja kwa jina la huduma, ya tapeli huja na namba ya simu ya kawaida. Kisha angalia salio kwenye menyu, si ndani ya meseji. Hata kama hela imeingia kweli, mwambie apige 100 mtandao uirudishe wenyewe.

Nimealikwa kujiunga na Freemason nitajirike. (Mbeya)

Achana nayo. Hatua inayofuata ni hela ya fomu.

Wanangu husema tapeli hujulikana kwa makosa ya herufi. Ni kweli? (Mwalimu mstaafu, Moshi)

Shikamoo, mwalimu. Husaidia kidogo tu. Mwenye nyumba wa kweli naye huandika “ntumie iyo ela”, na zipo meseji za kitapeli zilizonyooka kabisa. Mimi huangalia inataka nini. Ikitaka namba ya siri, ikikuharakisha, au ikikukataza kumwambia mtu, imetosha. Usiifute kwanza, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha fuata maelekezo.

Jambo moja zaidi, mwalimu. Laini wanazotumia matapeli nazo zilisajiliwa kwa alama za vidole za mtu, pengine mama aliyeambiwa na msajili wa barabarani “weka kidole tena, haijasoma”. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na mama watoto naye mwangalizie za kwake kwenye simu yake.