Kinanda kikufuate wewe kwanza

Siku yangu ya kwanza kwenye mazoezi ya kwaya, pale Shangani, Mtwara, mwalimu alibonyeza kitufe kimoja cha kinanda akasema, "Imba hiyo." Nikaimba. Akabonyeza tena, nikaimba tena, na vijana wa sauti ya nne, yaani besi, nyuma yangu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nilikuwa na miaka 31. Shule ya msingi niliambiwa siku ya mahafali nichezeshe mdomo tu.

Mwalimu hakubonyeza mara ya tatu. "Kaka, toa yoyote uliyonayo, uishikilie." Nikatoa "aaa". Akatembeza kidole kushoto, kitufe kwa kitufe, mpaka kinanda kikalingana na mimi. "Upo hapa," akasema. Kisha akapanda kitufe kimoja tu na kuniambia nimfuate. Nikafika.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeuliza kama asiyejua kuimba anaweza kufundishwa: anaweza. Wapo waliozaliwa hawatofautishi noti, yaani mlio wa juu na wa chini, lakini ni wachache sana, na kama unasikia mwenzako akikosea noti, basi wewe si mmoja wao. Sikio lako ni zima. Koo ndilo halijazoea kulitii.

Umeshaona wapiga sindimba wanavyozipasha ngoma kwenye moto wa majani? Ngozi inakaza, mlio unapanda. Nyuzi mbili zilizo kooni nazo huvutwa mlio ukapanda, ila hizi huzioni wala huzishiki. Ndiyo maana mwanzoni unahitaji mtu wa nje wa kukwambia "panda kidogo, hapohapo". Mimi nilijaribu peke yangu miezi kadhaa na spika za masikioni, nikimwigiza mwimbaji wa teno, ile sauti ya juu ya kiume, mpaka mishipa ya shingo ikatoka, na nilichopata ni koo kuuma.

Tatizo langu kubwa lilikuwa hilo: kuimba mahali pa mtu mwingine. Noti ambayo wanamuziki hulinganishia vyombo hutikisika mara 440 kwa sekunde; mwanaume akiiimba kwa sauti yake ya kawaida huangukia nusu yake, 220, na bado yuko sahihi. Kama mwalimu wako ni mama, usipambane kumfikia kule juu. Karatasi za kwaya zetu zinalijua jambo hili. Nyingi zimeandikwa kwa do re mi, na pale juu utaona "Do = G" au herufi nyingine. Maana yake do ya wimbo huo inaanzia noti hiyo. Do inahama. Wimbo ukikukaba, omba ushushwe, si aibu.

Pumzi sitaiongelea sana, kila mwalimu atakuchosha nayo. Weka kiganja tumboni, vuta hewa bila kupandisha mabega, itoe kwa "sss" ukihesabu. Nilianza na 11.

Mazoezi yawe mafupi na ya kila siku. Dakika 15 kila asubuhi zimenifaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Jirekodi kwa simu, ila usikilize kesho yake. Ukisikiliza papo hapo utajihurumia au utajichukia.

Msimu wa korosho mwaka ule uliniharibia. Kuanzia Oktoba nilikuwa ghalani, vumbi, na kutwa kuwapigia makuli kelele. Sauti ikakwaruza, nami nikawa nanong'ona nikidhani naipumzisha. Kunong'ona si kupumzika, kunaweza kuchosha koo vilevile. Nyamaza, kunywa maji. Na sauti ikikaa wiki tatu bila kurudi, nenda hospitali, achana na tangawizi.

Kabla hujalipa ada, omba mwalimu akusikilize kwanza. Akikuimbia yeye nusu saa nzima na wewe hujafungua mdomo, tafuta mwingine. Pia akikuahidi kukubadilisha kutoka besi kuwa teno, mwogope. Masomo yananyoosha sauti uliyonayo, hayakupi ya jirani.

Mimi ilinichukua kama miezi mitatu kupanda ngazi yote ya do hadi do bila kuteleza, na mwaka mzima kuishika sauti ya nne wakati wa sauti nyingine tatu wanaimba vyao pembeni. Wale vijana wa kikohozi sasa tunasimama safu moja. Solo sijapewa mpaka leo, na nadhani mwalimu yuko sahihi.