Kinyama changu kiko maabara, na usingizi hauji

Barua ya kwanza

Shikamoo Mama. Nina miaka 38. Mwezi uliopita nilipapasa titi la kushoto nikakuta kitu kigumu karibu na kwapa, ukubwa wa ncha ya kidole. Nikapigwa altrasaundi, kisha nikachomwa sindano nene wakatoa vinyama vitatu. Niliambiwa nisubiri siku 10. Leo ni ya 13. Juzi nilipiga simu, dada wa mapokezi akasema, "Daktari ameomba rangi za ziada," basi, hakuongeza neno. Tangu hapo silali. Nakishika hicho kivimbe kila nikiingia bafuni, naona kama kimekua. Nasoma kwenye simu mpaka saa tisa usiku. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu: kama ningekuwa salama, si wangeshaniambia? Dada yangu ananikataza kuwaza mabaya, anasema mdomo huumba, na sasa naiogopa hata hofu yangu mwenyewe. Mume wangu hajui kwamba siku zimepita. Nifanyeje?

Anayesubiri

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako niliisoma nikanyamaza kwa muda, maana chumba vilimo vinyama vyako nakijua. Kwa miaka 19 nilikuwa fundi wa maabara ya tishu. Acha nikueleze kinachofanyika humo, kwa kuwa mtu asiyeona kinachoendelea hujichorea picha mwenyewe, na picha za saa tisa usiku ni mbaya zote.

Kinyama kikitoka mwilini kinatumbukizwa kwenye formalini, mara nyingi hulala humo usiku kucha, ili kisioze na seli zibaki zilivyokuwa. Kisha kinapitishwa kwenye alkoholi mpaka maji yote yatoke, halafu nta iliyoyeyushwa inaingia palipokuwa na maji. Nta ikipoa unapata kitofali kidogo, kinyama kimenasa katikati. Mimi nilikuwa nakaa hapo, mbele ya mashine yenye wembe, nikikata utando wa unene wa mikroni 4, yaani sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita moja. Ni mwembamba kiasi kwamba ukipumua kwa nguvu karibu yake unapeperuka. Unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, unauopoa kwa kioo, unautia rangi mbili: moja hufanya viini vya seli kuwa vya zambarau, nyingine hufanya sehemu zilizobaki kuwa za waridi. Kioo ndipo kinapokwenda kwa daktari wa patholojia, akae nacho kwenye hadubini. Hatua hizi hazikimbizwi. Kinyama ambacho nta haijakiingia sawasawa huchanika kwenye wembe, na daktari hapati cha kusoma.

Rangi za ziada, sasa. Daktari huziomba anapoona seli zinazofanana na za aina nyingine na anataka kuzitofautisha. Huziomba kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Na huziomba pia, sitakuficha, akishaona saratani na anataka kujua ni ya aina gani ili tiba iwe sahihi. Nimetia rangi za ziada kwenye vioo vya watu wa makundi hayo yote, na karatasi ya maombi ilikuwa ileile. Kila rangi huongeza siku, wakati mwingine kitofali kinakatwa upya, wakati mwingine daktari anamwita mwenzake atazame naye. Kwa hiyo mawingu unayoyaona, mwanangu, hayana habari ya mvua. Yanakuambia tu kwamba kazi bado haijakwisha.

Jambo unaloweza kulishika kwa uhakika ni kwamba vivimbe vingi vya titi vinavyopimwa huonekana si saratani. Vingine ni vifuko vya maji, vingine ni manundu ya nyama ya titi yasiyo na madhara. Na ikiwa chako si miongoni mwa hivyo, ugonjwa huo kwa kawaida hukua kwa miezi na miaka. Siku hizi tatu zilizozidi hazijakupotezea tiba.

Umesema unaiogopa hofu yako, na hapo ndipo moyo wangu uliponiuma zaidi. Najua dada yako anasema kwa mapenzi. Lakini kinyama chako kilifungwa ndani ya nta siku chache baada ya kutolewa. Kilichomo kilikuwamo kabla hujaanza kuogopa, kabla hujapiga simu, kabla hujaota ndoto yoyote. Hakuna wazo lako linaloweza kupenya ile nta likabadilisha hata seli moja, liwe jema au baya. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na ya kinyama chako anaijua mwenye hadubini. Kwa hiyo huna zamu ya ulinzi usiku. Ukiwaza mabaya umewaza tu, hujajidhuru.

Wala usijilaumu kwamba unasubiri vibaya. Mwaka 2016 mtafiti Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wahitimu wa sheria waliosubiri matokeo ya mtihani wa uwakili kwa miezi minne. Mbinu ambazo wengi wetu huzikimbilia, kujilazimisha kutumaini au kuizima hofu, hazikuwapunguzia mateso. Na waliohangaika zaidi ndio walioipokea habari mbaya wakiwa wamejiandaa, na habari njema kwa furaha kubwa zaidi. Mwaka huohuo watafiti wa University College London waliwapa watu 45 mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe. Chini ya mawe mengine kulikuwa na nyoka, na kila nyoka alipotokea mchezaji alipigwa shoti mkononi. Mwili uliteseka zaidi pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, kuliko hata pale mtu alipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Moyo wako kwenda mbio na jasho la viganja ni kazi ya kutojua. Usiusome mwili huo kana kwamba ndio karatasi ya majibu.

Nakuambia haya nikiwa nimepita pale ulipo. Miaka sita iliyopita nilichomwa sindano shingoni kwa ajili ya uvimbe kwenye tezi ya koo. Nilijua kila hatua niliyokueleza, wembe, nta, rangi, na bado nilisimama mbele ya kioo usiku nikijibonyeza shingo mpaka ikauma na kuvimba, kisha nikauchukua ule uvimbe niliousababisha mwenyewe kuwa ushahidi. Majibu yangu yalikuwaje sitaandika hapa. Nakujua, ungeyapima na yako.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni mkono wako. Kivimbe kilichochomwa sindano huwa na damu iliyovilia, huvimba kidogo na huuma, na ukikibonyeza mara 20 kwa siku kitaendelea hivyo. Acha kukishika kabisa mpaka siku ya majibu. Itakuwa ngumu siku mbili za kwanza, na mkono utakwenda wenyewe. Ukiukuta huko, uondoe bila kujigombeza. Isipokuwa jeraha likitoa damu isiyokoma au usaha, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au ukapata homa, hapo usisubiri majibu wala barua yangu, nenda ukaonwe.

Simu nayo. Ulichokuwa unakitafuta saa tisa usiku hakiko kwenye intaneti, kwa sababu hakuna aliyeandika humo juu ya kinyama chako. Kila ukurasa unakutuliza dakika chache, kisha unakupa neno jipya la kutafuta. Iache chumba kingine usiku. Usingizi ukikataa, inuka ukae kwenye kiti, vuta pumzi taratibu, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara nyingi, mpaka mabega yashuke. Halafu rudi.

Hofu yenyewe ipe saa yake. Hili si langu; mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake waliwajaribisha watu wenye wasiwasi sugu, wakawapangia nusu saa kila siku, mahali palepale, ya kuwa na wasiwasi tu. Nje ya nusu saa hiyo, wazo likija wanaliahirisha. Wasiwasi ulipungua. Mimi nilichagua saa kumi na moja jioni, mbali na kitanda, nikiwa na daftari. Niliandika kila kitu, mpaka mazishi yangu. Cha kushangaza, dakika ya 20 nilikuwa sina jipya la kuandika. Wazo likinijia asubuhi niliandika neno moja pembeni, nikaliambia tuonane jioni. Baadhi ya siku jioni ilifika nikakuta halina nguvu tena, siku nyingine lilikuwa nazo zote. Ilisaidia hata hivyo.

Mumeo mwambie leo. Sentensi moja inatosha: "Siku zimepita, naogopa, sitaki unipe jibu, nataka uwe karibu." Mtu asipoambiwa anachotakiwa kufanya atakimbilia kukuambia hamna kitu, na utajisikia mpweke kuliko kabla hujasema.

Na kesho asubuhi piga simu tena, ila safari hii usimuulize wa mapokezi majibu, kwa kuwa hana. Uliza: ripoti inatarajiwa siku gani? Nani atanipigia, au nije mwenyewe? Siku hiyo ikipita, nimtafute nani kwa jina? Andika jina na namba. Nasisitiza kwa sababu majibu yangu mimi yalikaa siku nne kwenye faili mahali nilipotibiwa, kila mmoja akidhani mwenzake amenipigia. Wako wanaojifariji kwamba kimya ni habari njema, wakaacha kufuatilia. Kimya si habari yoyote. Ukishapata tarehe, basi usipige kabla yake. Umeshafanya sehemu yako.

Majibu yakija salama na bado ukajikuta unatafuta uvimbe mwingine, wiki baada ya wiki, au ukifika mahali huwezi kufanya kazi au kuishi kunakuchosha, mwambie daktari hilo pia kama ungemwambia maumivu ya titi. Wasiwasi wa ugonjwa una tiba yake, ya mazungumzo na mtaalamu, na inafanya kazi.

Barua ya pili

Mama, baba yetu ana miaka 67, anasubiri kufanyiwa kipimo cha pili cha tezi dume baada ya cha damu kuwa juu. Kutwa ananiuliza, "Unaonaje, mwanangu, ni saratani?" Namwambia hapana, baba. Anatulia dakika 10, anauliza tena. Nimechoka, na naona aibu kuchoka. Nimjibu nini?

Mwana wa kiume

Jibu

Usione aibu. Unachota maji kwa kikapu, nani asingechoka?

Kipimo kile cha damu hupanda kwa sababu nyingi: tezi iliyotanuka kwa umri, maambukizi, hata kuendesha baiskeli muda mfupi kabla ya kutolewa damu. Mweleze hilo mara moja, kwa utulivu, mkiwa mmekaa. Baada ya hapo usiseme tena "hamna kitu." Yeye anajua kwamba wewe hujui, ndiyo maana jibu lako halikai. Kila ukimhakikishia unamfundisha kwamba hofu huondoka kwa kukuuliza, naye anarudi kisimani.

Jaribu hivi: "Baba, sijui. Siku ya majibu nitakuwa pembeni yako." Kisha nawe umuulize, "Kinachokutisha zaidi ni nini?" Halafu nyamaza, hata kimya kikikuelemea. Nilipokuwa kazini nilizungumza na wazee wengi koridoni, na nilijifunza kwamba swali la saratani mara nyingi limefunika jingine. Mmoja aliogopa kuvaa mpira wa mkojo mbele ya wakwe. Mwingine alikuwa na shamba lisilo na hati na watoto wa mama wawili. Mambo ya namna hiyo mnaweza kuanza kuyashughulikia wiki hii, bila kusubiri maabara.

Akirudia swali, mjibu maneno yaleyale, sauti ileile, usiongeze. Mara ya tano itakuwa nzito kwenu wote wawili. Na siku ya kwenda chukua daftari na kalamu, uombe ruhusa uingie naye, uandike wewe kila anachosema daktari. Mtu aliyeshtuka husikia neno la kwanza tu, na baba akifika nyumbani atakuuliza lile la pili.